Wangare Hakuwepo Siku ya Kuhesabiwa

Kando ya reli hakuna aliyemshinda Wangare kufunga kibanda. Mluzi ukilia tu kwamba askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, wametokea, yeye alikuwa ameshaondoka: jiko ndani ya karai kichwani, sufuria ya ndengu mkononi, turubai kwapani. Hata majivu aliyafagia. Kanjo wakifika walikuta ardhi tupu, kama pale hapajawahi kuchemshwa maji.

"Mama Sue, jeshi lilikukosa," Weldon alizoea kumwambia. Huyu Weldon aliuza viatu vya mitumba jirani yake, na kwa unene wake hakuwahi kukimbia akafika mbali. Kila msako ulimbeba yeye.

Hivyo ndivyo Wangare alivyolea watoto kule mtaa wa Rhonda tangu afiwe na mume. Hakuwa na leseni. Kiwanja kilikuwa cha kiwanda cha magunia kilichokufa zamani, na wateja wake wa chapati na ndengu walikuwa mafundi wa gereji wenye njaa.

Kisha ikaja habari njema. Kaunti ingejenga hapo: fleti juu, ofisi na maduka chini, na stesheni mpya ya treni ubavuni, mtu ashuke aingie kwake kwa miguu. Na waliokuwa wakiuza pale wangepewa vibanda vya mawe, vyenye maji na mlango wa kufuli. Mlango wa kufuli! Wangare alianza kuwaza ataupaka rangi gani.

Asubuhi moja pikapu ya kaunti ikasimama kando ya reli, wakashuka vijana wenye vizibao vya kung'aa. Mluzi ukalia. Wangare hakungoja kuuliza. Alifunga, akafagia, akatokomea nyuma ya gereji na wenzake wachache, akakaa huko hadi jioni.

Aliporudi, Weldon alikuwa ameshika kichwa.

"Mama Sue, hawakuwa kanjo! Ni watu wa kuwahesabu watakaopewa vibanda! Mimi nimekaa nikingoja pingu, kumbe napigwa picha na viatu vyangu!"

"Na mimi?"

"Walipita kwako wakaandika hakuna mtu."

Alhamisi ukaitishwa mkutano wa wananchi katika ukumbi wa kanisa. Afisa wa mipango alikuwa binti mpole aitwaye Natasha. Wangare alisimama akaeleza yote. Weldon naye akainuka.

"Madam, mimi ni shahidi. Huu mwili wote unaouona ni chapati zake."

Watu wakacheka. Hata Natasha akatabasamu, kisha akatikisa kichwa.

"Nakuamini, mzee. Lakini tangu jana wamekuja watu hata reli hawajui iko wapi, na kila mmoja ana shahidi. Mama, nipe kitu. Picha? Risiti?"

"Nani hupiga ndengu picha, madam?"

"Hujawahi hata kushikwa? Karatasi ya korti ingenitosha. Inaonyesha ulikuwa unauzia wapi."

"Huyo? Hashikiki!" mtu akapaza sauti nyuma, na kicheko kikajaa ukumbi.

"Basi tafuta, mama. Kesho jioni nafunga orodha."

Ijumaa Wangare aliwasha jiko mapema. Kanjo walipotokea, mluzi ukalia, wasiohesabiwa, ambao bado walishikwa, wakatawanyika. Yeye akabaki kwenye kigoda chake. Aliyemfikia ni Makhanu, kijana mrefu.

"Mathe, mbona hukimbii?"

"Nishike, mwanangu."

"Ati nini?"

"Nishike. Nipeleke korti."

Makhanu akatazama kushoto na kulia. "Mathe, beba vitu uende. Mimi sijakuona."

"Hapana! Nione! Leo nione!" Akamshika mkono. "Watoto wangu watakula nini? Nishike, nakuomba kwa jina la Mungu."

"Wewe ungemshika mama yako wa umri huu?" Makhanu akajinasua, akageuka kuondoka.

Wangare akaona nafasi yake ikiondoka na mgongo ule. Akainua sufuria, akammwagia ndengu zote viatuni.

Ndipo akabebwa. Kwenye pikapu alikuwa akicheka peke yake, na Makhanu akapangusa viatu bila kumwangalia.

Kituoni polisi wa zamu akachukua kalamu. "Kumwagia askari chakula."

"Na kuuza," Wangare akadakia. "Andika nilikuwa nauza, afande. Pale kwa magunia, kando ya reli."

"Ulikuwa na leseni?"

"Sina! Sijawahi kuwa nayo! Miaka yote!"

Afande akamkazia macho. Hakuwahi kusikia mtu akikiri kwa furaha namna ile. Akaandika.

"Sasa nipeleke korti," Wangare akasema. "Nataka karatasi niipeleke kwa madam kabla ya jioni."

"Leo?" Afande akafunika kalamu. "Mama, gari la korti limeshaondoka. Utaenda Jumatatu."

Wangare alimtazama kama hakuelewa. Weldon angejua hayo, aliyeshikwa mara nyingi. Lakini hakumwuliza. Akaketi polepole sakafuni, na polisi akafungua mlango wa seli.