Niliomba "sealing" ya shingo, kanisa likaniletea siling

Wakuu, niaje. Uzi huu ni wa shingo yangu mwenyewe, si ya rafiki wa rafiki. Anayebisha aje Kamenu nimwonyeshe kovu.

Kwanza mnijue. Mimi ni MC wa ruracio, zile sherehe za mahari, na harusi huku Thika. Ile sauti inayowazuia wakwe getini waimbe mpaka wakauke koo kabla ya kufunguliwa, ndiyo yangu. Sauti ndiyo shamba langu na sina lingine.

Sasa goita, ule uvimbe wa tezi ya shingo, ikaniota. Mwanzo niliificha kwa kufunga vifungo vya shati mpaka juu, watu wakadhani nimeokoka upya.

Ilipoanza kunikaba nikimeza ugali, bibi yangu, Mama Shiru, alinibeba mpaka kwa daktari wa upasuaji, hospitali moja ya Ruiru. Daktari ni mama mtaratibu, anaongea polepole.

Akanieleza kwamba upande mmoja wa tezi lazima utoke. Pale kuna mishipa mingi ya damu, na kila mmoja unafungwa kabla ya kukatwa. Na nyuma ya tezi inapita neva ya sauti, nyembamba sana. Ikiumia, sauti inaweza kubaki ya kukwaruza.

Baada ya hapo sikusikia kitu kingine. Nilijiona getini, wakwe wanaimba, mimi nafungua mdomo na kinachotoka ni mlio wa bawaba.

Nikaenda nyumbani nikasoma. Kusoma maanake YouTube. Kufikia jioni nilikuwa consultant.

Niliyoelewa ni haya. Njia ya zamani, daktari anabana mshipa, anaufunga kwa uzi, anapiga fundo, anakata, anahamia mwingine. Njia mpya ni mashine kama koleo. Inaubana mshipa, inauziba kwa joto, inaukata, imeisha. Wazungu wanaiita vessel sealing.

Nikaamua uzi ni wa fundi wa nguo. Mimi ni wa mashine.

Nikarudi kwa daktari kifua mbele.

"Daktari, mimi nataka sealing."

"Yetu imepelekwa kutengenezwa," akasema. "Ikirudi nitaitumia, isiporudi nitafunga na uzi. Nimefunga hivyo miaka mingi."

"Lakini si mashine ni better?"

"Inaharakisha kazi. Lakini inatoa joto, na neva haipendi joto. Karibu na sauti yako, hata nikiwa nayo, ni uzi."

Nikatingisha kichwa kama mtu aliyeelewa. Wakuu, sikuelewa. Nilikuwa tayari natunga voice note kichwani.

Nikaituma kwa group ya wanaume wa kanisa, na ile sauti ya mazishi:

"Ndugu zangu, mniombee. Nimepangiwa kufunguliwa shingo, na hiyo hospitali haina sealing! Nimeuliza mwenyewe, hawana. Kama kuna mtu anaweza kunisaidia na sealing, Mungu ambariki."

Emoji za kulia zikaanza kushuka. Mmoja akaandika, "Ngai! Na hii mvua?"

Nikashangaa mvua imeingiaje kwa shingo yangu. Nikadhani ni mambo ya kiroho, nikajibu Amina.

Asubuhi ya upasuaji niko kwenye wodi, nimevaa ile gauni iliyo wazi nyuma, heshima yote imebaki kwa kiti na suruali. Nikasikia kelele getini. Nikachungulia dirishani.

Ilikuwa pickup imejaa gypsum board. Juu yake ngazi. Kando yake wanaume wa kanisa, na mbele yao Baba Njoro, mzee wa kanisa letu. Kazi yake ni fundi wa siling, yaani dari za nyumba. Alikuwa amesimamisha kazi ya watu huko Mwihoko ili aje kuniokoa.

"Tumereta siring!" alikuwa anamwambia askari. "Mtu wetu hawezi kufunguliwa shingo chini ya mabati, vumbi imwingie!"

"Mzee, siling iko. Kwani nani amekuambia haiko?"

"Yeye mwenyewe! Na mgonjwa haulizwi uji. Fungua gate!"

Mimi ambaye nimezuia wakwe getini miaka yote, leo watu wangu wamezuiwa na mimi ndiye niliyewaita. Nilitamani dawa ya usingizi ianze hapo hapo.

Daktari akaja akasimama kando yangu dirishani.

"Hawa ni wako?"

Nikakubali. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaniambia mashine imerudi. Ataitumia kwa mishipa ya mbali na neva. Karibu na sauti, uzi.

"Fanya vile unajua, daktari," nikasema. Nilikuwa nimemaliza YouTube yangu yote.

Lakini niseme ukweli, nikisukumwa theatre niliogopa sana. Kicheko kiliisha kwa korido. Nilimshika Mama Shiru mkono nikamwita jina lake la usichana, Nyambura, nikiwaza labda ni mara ya mwisho kulitamka vizuri.

Nilikuwa nimepanga nikiamka neno la kwanza liwe Zaburi ya ishirini na tatu. Nilifanya hata rehearsal.

Nikafungua macho. Juu ni weupe mtupu.

"Sema kitu nisikie sauti," daktari akasema.

Nikasema, "Kumbe siling iko."

Sauti ilikuwa nzito na inakwaruza kidogo, lakini ilikuwa yangu. Daktari alicheka. Nyambura alilia, na mimi pia.

Ule mkwaruzo uliisha polepole. Tayari nimerudi getini na wakwe wanaimba kama kawaida, ila siku hizi naitwa MC Siling.

Baba Njoro naye alikuja kuniona nyumbani. Akakaa kwa kochi, akanywa chai, akainua macho. Mabati. Miaka yote naishi hapo, nyumba isiyo na siling ilikuwa yangu. Alitoka tu akaenda kuleta zile board kwa pickup.

Funzo, wakuu: usimchagulie daktari koleo. Muulize amezoea nini, na neva yako ataichungaje, halafu unyamaze. Uzi nilioudharau ndio uliolinda mdomo wangu.

Waliopasuliwa shingo, nyinyi mlifungwa kwa uzi au kwa moto, na sauti iko aje? Semeni hapa chini.

Ila muandike. Voice note sitaki.