"Intoxicated": neno la Kiingereza lililomfukuza mama mdogo nyumbani kwetu Mpanda

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya, huwa napita tu. Juzi kuna mwenzetu aliuliza tofauti ya drunk na intoxicated, watu wakamjibu kwa utani. Mimi sikucheka. Neno hilo lilipita nyumbani kwetu na nitakayosimulia niliyaona mwenyewe. Nimebadilisha majina tu.

Ni miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa bado Rukwa, ukisema Katavi watu wanajua unaongelea mbuga. Tulikuwa tunaishi Magamba, tunalima tumbaku. Mimi ni binti, nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani nasubiri matokeo.

Mama yangu mzazi alishafariki. Mzee akaoa mwanamke wa Kirundi kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, anaitwa Generoza. Mama mdogo huyu alikuwa mpole, mchapakazi, haongei sana. Ukoo haukumpenda. Walimwita "yule mkimbizi" hata akiwa amekaa pale pale anasikia.

Aliyewaongoza alikuwa baba mkubwa Deo, kaka yake mzee, anakaa Majengo mjini. Zamani aliwahi kuwa karani kwenye ofisi za mgodi, kwa hiyo Kiingereza cha ukoo wetu kilikuwa chake. Akishasema neno lina maana fulani, mjadala umeisha.

Sasa siku hiyo mzee alikwenda mjini. Jioni akarudi anaikokota baiskeli, anayumba, tukadhani ni uchovu. Mama mdogo akampa uji, akanywa kidogo, akalala.

Asubuhi haamki. Anakoroma vibaya, ukimfungua jicho halikuoni. Tukambeba hospitali, na baba mkubwa akaitwa.

Pale hospitali alikuwepo daktari mzungu aliyekuja kwa muda, Kiswahili chake ni cha salamu. Alimpima mzee, kisha akaongea na tabibu kwa Kiingereza cha haraka. Katikati nikasikia neno refu, entoksi-nini sijui. Shuleni nilifundishwa drunk. Hilo sikuwahi kukutana nalo.

Baba mkubwa akatuvuta nje.

"Mmemsikia? Toxic. Toxic ni sumu. Ndugu yangu amelishwa sumu."

Nikamwambia, "Baba mkubwa, si tumuulize tabibu?"

"Umuulize nini? Hao wana siri za kazi. Jiulize wewe, jana usiku alikula kwa nani?"

Tulirudi Magamba watu wengi. Baba mkubwa akaingia jikoni kwa mama mdogo, akatoka na kopo la dawa ya kuua wadudu wa tumbaku, lile lenye picha ya fuvu la kichwa. Akanipa.

"Wewe umesoma. Wasomee hapa."

Nikasoma: TOXIC.

Wakuu, kila nyumba iliyolima tumbaku kule ilikuwa na kopo kama lile. Ila siku ile lilionekana kama mama mdogo alikuja nalo mwenyewe kutoka Burundi.

Yeye akasema, "Shemeji, ule uji na mimi nimeunywa."

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona. Hata mimi nilikuwa nimekwenda kisimani. Na niseme ukweli, pale pale nikaanza kukumbuka vitu. Mbona kikombe alikiosha mapema? Mbona halii? Alikuwa ananiangalia mimi, na mimi nikawa naangalia mikono yake.

Vijana wakaanza kuongelea kiberiti na nyumba. Baba mkubwa akamwambia aondoke kabla mambo hayajaharibika. Akaomba apitie hospitali amwone mumewe. Wakamkatalia. Akashika njia ya Katumba kwa miguu, na kitenge alichovaa.

Ilitakiwa iishie hapo. Lakini kuna kitu kilinikaa vibaya.

Baba mkubwa hakuingia tena wodini. Alikuwa anakaa nje kwenye benchi, kila nesi akitoka anamuuliza, "Ameshaongea?"

Haulizi kama amepata nafuu. Anauliza kama ameongea.

Nikaenda kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, nikaazima dictionary. Nikatafuta kwenye E, nikatafuta kwa "ks", sioni kitu. Nilichopata ni hiyo hiyo toxic, na maana yake kweli ni yenye sumu. Nikarudi na mashaka zaidi ya niliyokwenda nayo.

Kesho yake nikamfuata tabibu, nikamwambia, "Samahani, lile neno alilosema daktari kuhusu baba yangu, linaandikwaje?"

Akaliandika kwenye karatasi: intoxicated. Linaanza na I, katikati lina x, siyo ks.

"Maana yake amelewa," akasema. "Hata mlevi wa kawaida wanamwita hivyo."

"Na sumu iko wapi?"

Akamwita yule daktari. Mzungu alipoelewa ninachouliza akanyoosha mkono mmoja na kuvuta mwingine nyuma, kama anayelenga na upinde. Tabibu akawa anatafsiri: Wagiriki wa zamani upinde waliuita toxon, na sumu ya kupaka kwenye mshale ikapata jina kutoka hapo. Walatini wakalichukua kwa maana ya sumu, likaingia kwenye Kiingereza, na baadaye likahamia kwa mtu aliyezidiwa na pombe. Ila madaktari mpaka leo wanalitumia kwa vyote viwili.

Babu yangu alikuwa Mkonongo, mwindaji wa kule Sitalike, mishale yake ilipakwa sumu, haikuguswa na mtoto. Nilielewa haraka.

Nikauliza, "Kwa hiyo baba amelewa au amelishwa sumu?"

Tabibu akajibu, "Amekunywa gongo iliyopikwa vibaya, binti. Pombe yenyewe ndiyo sumu. Uji haufanyi hivi, na dalili za dawa ya tumbaku hana. Ninachohofia ni macho yake."

"Alikunywa wapi?"

"Hilo atasema mwenyewe akiamka."

Mzee akaamka. Macho yalikuwa wazi lakini anaona ukungu tu. Ndugu wakajaa kitandani, baba mkubwa amesimama mlangoni.

"Generoza yuko wapi?" mzee akauliza.

Mimi ndiye nikamweleza yote, kuanzia neno mpaka kopo.

Akasikiliza, halafu akasema, "Kaka, upo?"

"Nipo."

"Ile chupa uliyonimiminia pale kwako, ulinunua kwa nani?"

"Tulikunywa wote ile."

"Hapana. Wewe ulisema tumbo linakuuma. Nilikunywa peke yangu."

Baba mkubwa akajitetea kwamba alinunua kama watu wengine wanavyonunua, hakujua kama ni mbovu. Labda. Ila hakuwahi kueleza kwa nini siku zote zile alikaa kimya kuhusu hiyo chupa.

Mzee alipopata nguvu, macho hayakurudi, akanishika bega, tukaenda Katumba. Mama mdogo alitusikiliza mpaka mwisho.

"Nitarudi kwa sababu yako," akamwambia mzee. "Siyo kwa sababu yao."

Hakuna aliyemwomba msamaha. Baba mkubwa alisema yalikuwa makosa ya lugha tu.

Toka siku hiyo, kila chakula mama mdogo anamega yeye kwanza mbele yetu, anameza, anasubiri, ndipo anaushika mkono wa mzee na kuupeleka kwenye sahani. Mzee alimkataza. Hakuacha.

Miaka mingi baadaye tukamzika mzee. Msibani mama mdogo ndiye aliyegawa chakula kwa wakubwa. Alipofika kwa baba mkubwa akapiga goti, akamega kwenye sahani yake, akameza huku anamwangalia, halafu akamkabidhi.

"Karibu, shemeji."

Baba mkubwa hakula. Aliishika ile sahani mpaka ikapoa.

Nilichojifunza wakuu: neno usilolijua, kamuulize aliyelisema, siyo aliyelisikia. Na anayekimbilia kukutafsiria, muulize yeye anahofia nini.

Baba mkubwa naye ameshafariki, kwa hiyo swali langu nawaachia nyie: kwa maoni yenu, alikosea Kiingereza, au alikuwa anajua? Mwenye mtazamo tofauti pia aseme, nasoma zote.