Nembo ya Kung'oa, Majina ya Kuacha

Mtu akipita dukani kwangu leo, hapa Tanga, akaona kompyuta zilivyopangwa na cheti changu kilivyotundikwa juu ya kaunta, hawezi kuamini kwamba kwa miaka mitatu serikali ya Dubai ilinitambua kama mpakiaji mizigo. Lakini ndivyo viza ilivyosema. Nilikuwa na stashahada ya teknolojia ya habari, niliyojisomesha kwa kukaanga chipsi jioni, imepigwa mihuri ya wizara mbili na ubalozi mmoja, na bado kwenye ukurasa wa pasipoti nilikuwa mbeba maboksi. Wakala aliyenipeleka alikuwa na nafasi za wapakiaji tu. Aliniambia nipande ndege, mengine yatajirekebisha hukohuko.

Hayakujirekebisha. Na ubaya wake haukuwa aibu peke yake. Mpakiaji haruhusiwi kumleta mkewe; fundi anaruhusiwa. Mke wangu alibaki Tanga, tukiwa tumeoana miezi minne tu kabla sijaondoka, na kila simu yake iliishia kwenye swali moja: "Wameshakubadilisha?"

Mwenye uwezo wa kunibadilisha alikuwa arbab wangu, yaani tajiri mwenye kampuni. Ukoo wake ulitoka Unguja, yeye akazaliwa Dubai. Alivaa kandura, ile kanzu nyeupe ya kule, na kuongea Kiarabu cha pale kama wenzake, lakini akikasirika alirudi kwenye Kiunguja cha bibi yake. Alikuwa na nyumba Al Warqa, shamba la mbuzi Hatta, na ghala Jebel Ali, ambako tulipokea kompyuta zilizokwishatumika Ulaya, tukazisafisha na kuzipeleka Afrika Mashariki.

Kazi hiyo ina kanuni mbili, na nasema bila kujisifu kwamba hakuna aliyezijua kunishinda. Ya kwanza: vibandiko vya wenyewe wa zamani vinang'olewa vyote. Jina la benki, namba ya mali, jina la karani aliyeitumia mashine, vyote vinatoka. Mteja hataki kujua ni nani aliyepiga chafya juu ya kibodi kabla yake. Ya pili: nembo ya mtengenezaji haiguswi. Hiyo inasuguliwa kwa pamba na spiriti mpaka ing'ae, maana ndiyo inayouza. Vijana waliokuja baada yangu niliwafundisha kanuni hizo siku ya kwanza, kabla hata hawajaonyeshwa choo.

Siku moja dada wa mauzo, Mmombasa mwenye ulimi mkali, aliingia ofisini na oda. Umoja wa shule fulani wa Mombasa ulitaka kontena zima la kompyuta, mradi kila mashine iwe na kivinjari cha intaneti kwa Kiswahili.

"Nani atakifanya Kiswahili?" arbab akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Wewe si mpakiaji?"

"Kwenye viza, arbab. Kwenye diploma ni kitu kingine."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyeomba chai. "Haya, bwana diploma. Kontena likitoka salama, nitatia saini uandikwe fundi. Lisipotoka, utaendelea kupakia. Khalas."

Fomu ya kubadilisha kazi akaitoa palepale, akaiweka juu ya meza yake chini ya chupa ya udi, ili niione kila nikiingia.

Nikachukua kivinjari kimoja mashuhuri, cha aina ile wanayoita programu huria: maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yako wazi, na yeyote anaruhusiwa kuyachukua, kuyabadilisha na kuyagawa. Wiki tatu nilifanya kazi ambayo kampuni nyingine ingeweka idara nzima. Nikatafsiri menyu zote. Nikaweka ukanda wa saa za sala za Mombasa, Tanga na Unguja. Arbab akataka ukurasa wa kwanza uwe na picha yake amevaa kandura, akiwa amesimama mbele ya ghala, nikaiweka. Jina la kivinjari na nembo yake sikuvigusa, kwa kanuni ya pili. Nembo nikaikuza kidogo.

Tukapeleka mashine kumi za mfano. Mwalimu mkuu mmoja akafurahi, akaweka picha mtandaoni. Siku nane baadaye ikaja barua pepe kutoka kwa wenye kivinjari.

Ilikuwa barua ya adabu sana, na hizo ndizo za kuogopa. Walitupongeza kwa Kiswahili. Walisema msimbo ni wetu kama ulivyo wa kila mtu, tubadilishe tupendavyo. Lakini jina na nembo ni alama za biashara, na kivinjari kilichobadilishwa bila wao kukikagua hakiruhusiwi kutembea na jina lao. Tuombe kibali, au tung'oe jina na nembo, tutie vyetu.

Nikamfasiria arbab. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Yaani ng'ombe wametupa bure?"

"Bure, arbab."

"Na maziwa, na ndama?"

"Vyote."

"Ila kengele ya shingoni wanaitaka?"

"Ndiyo, arbab."

"Wazungu hawa! Mimi ng'ombe wangu ningekuuzia, na kengele ningekupa zawadi." Akaagiza chai. "Haya, wape kengele yao. Tutafute jina."

Kikao cha jina kilichukua asubuhi nzima na birika tatu. Arbab alitaka kiitwe kwa jina la kampuni, lile refu lililokuwa ubaoni mlangoni, pamoja na neno la biashara ya jumla na rejareja mwishoni. Dada wa mauzo akamwambia watoto watakuwa wamemaliza shule kabla hawajamaliza kulisoma. Yeye alitaka Chui. Arbab akasema chui wanakula mbuzi, hataki jina hilo ghalani mwake. Mimi nilipendekeza jina langu la ukoo, nikieleza kwa utulivu kwamba dunia nzima mavumbuzi hupewa majina ya wavumbuzi. Walicheka mpaka arbab akamwaga chai kwenye kandura.

Tukaishia Kurunzi. Nembo niliichora mwenyewe: kurunzi ya kijani inayomulika.

"Kaka, hiyo ni bamia," dada wa mauzo akasema.

"Ni kurunzi. Huo ni mwanga."

"Hizo ni mbegu. Bamia imekatwa. Wallahi nimesikia njaa."

Kuanzia hapo ghala lote likakiita bamia, mpaka madereva. Sikujali. Watu wenye elimu ndogo wana namna yao ya kupokea kazi kubwa.

Nikang'oa jina na nembo kila mahali. Na nilipokuwa nang'oa, nikakuta ukurasa wa ndani unaoitwa Kuhusu. Ulikuwa na leseni ndefu, na chini yake majina ya watu, mamia kwa mamia, wa nchi nisizozijua, walioshiriki kutengeneza kivinjari. Nikajiuliza, mtoto wa Mombasa anawajuaje hawa? Mkono wangu ukafanya ulichozoea miaka yote mitatu. Nikavibandua vyote, leseni na majina, bila kuacha hata gundi. Mahali pake nikaandika mstari mmoja: kimetengenezwa na fulani bin fulani, mwenye stashahada. Ukapendeza sana, na nafasi ya kutosha kila upande.

Toleo jipya nikalitia kwenye mashine mia mbili na arobaini, nikawatumia na shule wabadilishe zile kumi za mfano. Maboksi yakafungwa kwa utepe. Lori likaagizwa lije Jumatano. Nikampigia mke wangu, nikamwambia aanze kutafuta mabegi.

Jumatatu ikaja barua ya pili.

Hii haikutoka kwa wenye nembo. Aliyeandika ni mama mmoja wa nchi ya baridi, mtengenezaji wa kujitolea, ambaye hajawahi kulipwa hata senti. Yule mwalimu mkuu, kwa nia njema tu, alikuwa amepiga picha ukurasa wa Kuhusu wenye jina langu na kuutangaza. Mama akasema kipande kinachowezesha maandishi ya Kiarabu yatoke kulia kwenda kushoto ndani ya kivinjari kile alikiandika yeye, jioni baada ya kuwalaza wanawe. Hataki malipo. Anataka vitu viwili ambavyo leseni inavitaka: majina yarudishwe pamoja na leseni yenyewe, na msimbo wa kila faili nililolibadilisha uwekwe wazi, kama nilivyowekewa wazi mimi. Nakala aliwapelekea shule. Na shule, wanaoogopa barua yoyote yenye neno leseni, wakajibu siku hiyohiyo kwamba hawapokei hata boksi moja mpaka mama yule aridhike.

Arbab akaniita. Fomu ilikuwa mkononi mwake.

"Hebu nambie wewe. Juzi wamekwambia toa. Umetoa. Leo wakwambia rejesha. Watu hawa wana akili timamu?"

"Ni watu tofauti, arbab. Wa juzi walitaka nembo itoke. Huyu anataka majina yabaki."

"Sisi hapa tunafanyaje?"

"Tunang'oa majina, tunaacha nembo."

Hapo ndipo nilipojisikia nikisema. Kanuni zangu mbili, nilizowafundisha vijana kwa mbwembwe, kwenye kazi hii zilikuwa kinyumenyume kabisa. Nembo ndiyo ya kung'oa, vibandiko vya watu ndivyo vya kuacha. Nilikuwa nimeikosa kanuni mara mbili, tena kwa ufundi wa hali ya juu.

"Una mpaka keshokutwa," arbab akasema, akairudisha fomu chini ya chupa. "Lori likiondoka tupu, hii nawashia udi."

Nikakata utepe wa maboksi mia mbili na arobaini. Dada wa mauzo akavua viatu vyake virefu, akaja ghalani kuchomeka nyaya, akiniuliza kila baada ya mashine kumi kama kwenye stashahada yangu kulikuwa na somo la kusoma kabla ya kufuta. Majina yakarudi, yote, na leseni juu yake. Jina langu nikaliweka chini kabisa, pamoja na maelezo ya nilichobadilisha. Jumanne mchana nikaupandisha msimbo mtandaoni, nikamwandikia mama. Akajibu kwa mstari mmoja wa shukrani. Shule wakaruhusu. Nikaketi juu ya boksi, nikanywa maji, nikajiona mtu.

Ndipo dada wa mauzo alipokuja na simu yake, amejishika mbavu. "Kaka, huu msimbo wako kila mtu anausoma?"

"Ndiyo maana yake. Huria."

"Na haya ya Kiswahili humu katikati?"

Sisi wa fani hujiandikia vidokezo katikati ya msimbo, vya kujikumbusha. Mtumiaji wa kivinjari havioni. Anayesoma msimbo anaviona vyote. Dada akasoma kwa sauti: "Picha ya mzee. Haina faida yoyote, inachelewesha ukurasa kufunguka, lakini bila hii siandikwi fundi."

"Futa! Nipe nifute!"

"Wewe ndiye mwenye kufuta. Lakini umechelewa. Mimi nimeonyeshwa na arbab."

Arbab alikuwa amefungua mwenyewe kiungo cha msimbo, kwa fahari, ili awatumie ndugu zake Unguja waone kampuni yake imeandikwa mtandaoni. Msimbo hakuelewa. Kiswahili alikielewa.

Nikaingia ofisini. Arbab alikuwa amevaa miwani, skrini mbele yake. Mbele yangu nilimwona mke wangu akirudisha mabegi dukani.

"Picha yangu inachelewesha?" akauliza.

Ningeweza kusema uongo. Lakini fundi ni fundi. "Inachelewesha sana, arbab. Mtandao wa kule ni mdogo. Mtoto anasubiri kandura ishuke kuanzia kilemba mpaka viatu, ndipo aanze kusoma."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa umeshika fomu, arbab."

Akaguna. Akatazama skrini tena. "Na hilo *mzee*. Mimi mzee? Nina miaka arobaini na tisa."

"Kwetu ni heshima, arbab."

"Kwenu. Kwetu Unguja pia ni heshima, lakini si ya miaka arobaini na tisa. Toa neno hilo. Na picha punguza, nibakie uso tu."

Nikatoa, nikapunguza, palepale kwenye kompyuta yake, amesimama nyuma yangu akihesabu kwa sauti sekunde unazochukua ukurasa kufunguka. Picha ya kwanza alifika kumi na saba. Ya pili hakufika nne. Akachukua fomu chini ya chupa, akatia saini, akampigia mandub wake, yule anayeshughulikia karatasi za serikali, akamwambia aandike fundi wa kompyuta, wala asiandike kitu kingine cha karibu karibu.

Usiku huo tukaibadilisha picha kwenye mashine zote, na Jumatano lori likaondoka limejaa. Viza yangu ilichukua siku kadhaa, ya mke wangu wiki sita. Nilimpokea uwanja wa ndege nimevaa shati lililopigwa pasi kwa dobi, na bahasha yenye nakala za nyaraka zangu zote kwapani, endapo afisa wa uhamiaji angemtilia shaka na kuniita nieleze. Alipotoka na kigari cha mabegi, kabla hata sijamsalimia vizuri, nikamwuliza afisa amesema nini alipoona kazi ya mumewe.

"Hakusema kitu," akanijibu. "Aligonga muhuri, akamwita anayefuata."