Ua wa Kililana na Jibu Nililompa Bwana Shamba

Kosa wanalolifanya wengi wanapomtazama mkulima maskini ni kudhani kwamba konde lake linaishia kwenye mpaka wake. Mimi nimezaliwa na wakulima, na kosa hilo nililifanya nikijua. Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu. Wasomaji wa ukurasa huu ni wengi, na Lamu ni ndogo.

Nina umri wa miaka sitini na mmoja. Nilisomesha skuli miaka mingi, sasa napumzika Matondoni. Dada yangu wa pekee, nimwite Bi Mize, ni mjane mwenye watoto wanne. Alikuwa akilima mtama na mahindi Kililana, ng'ambo, upande wa bara.

Kwanza niwaeleze kilimo cha kule. Bara kuna nguruwe mwitu, na mtu mmoja hawezi kuwazuia. Kwa hiyo makonde hulimwa pamoja ndani ya ua mmoja wa miti na miiba, na kila mwenye konde ana kipande chake cha ua. Kabla ya kupanda, wote huuzunguka, ikasomwa Fatiha, na kila mmoja akasimama penye kipande chake na kukiri mbele ya wenziwe kwamba nguruwe akipita hapo, lawama ni yake. Hakuna karatasi wala sahihi. Wazee wetu walikula kwa utaratibu huo.

Kisha ukaja mpango wa kuwainua wakulima. Bwana Shamba, kijana mpole, alileta majembe na mbegu za pamba, bure kwa kila atakayejiandikisha. Mimi nilikuwa mkalimani wake, maana Kiamu chetu hakikumwelea, na ndimi niliyewasomea watu karatasi ya mpango. Siku ya kwanza, tukiwa kondeni, aliniuliza, "Mwalimu, kuna desturi yoyote ya ukulima hapa ambayo yanipasa kuijua kabla sijaanza?"

Niliwatazama watu wangu, miguu mitupu, na mzee mmoja akinong'ona dua mbele ya miiba. Nikaona haya. Nikajibu, "Hakuna."

Neno hilo moja sijamwambia mtu hadi leo.

Nusu ya wakulima walijiandikisha, na pamba ikaota vizuri. Lakini nguruwe hali pamba. Waliopanda pamba hawakuona haja ya kukata miiba ya kuziba ua, na vipande vyao vya ua vikaoza. Asubuhi moja dada yangu alikuta mtama wote umelazwa chini. Nilikuwa naye alipokwenda kwa jirani yake, nimwite Bwana Lali.

"Bwana Lali, ndia ya nguruwe imepita kwako."

"Basi waulize wao, Bi Mize. Pamba yangu wameipita bila hata kuitolea salamu."

Watu waliokuwapo wakacheka.

"Na ua je?"

"Ua gani? Karatasi yasema kila mtu na konde lake. Nduguyo huyu ndiye aliyenisomea."

"Wanangu wana ndaa, Lali, hawana cha kula."

Bwana Lali akainamisha kichwa. Lakini miiba hakukata.

Mwaka uliofuata mvua iliwakuta wakichuma, na pamba ikaoza. Ndipo Bwana Lali na wenziwe walipotaka kurudi kwenye mtama. Wakakuta ua umekwisha, na wenye mtama wengi wamekwisha kuhama. Waliobaki sasa hawafiki watu sita. Ua ule hauzungushwi na watu sita. Dada yangu yuko mjini Lamu, anatwanga na kuchota maji katika nyumba za watu.

Juzi alikuja kwangu. Bwana Shamba yule amehamishwa, amekuja mwingine.

"Kaka, mwandikie huyu mpya. Mwambie hatukuulizwa. Lau wangetuuliza, tungewaambia habari ya ua."

"Na akisema waliuliza?"

"Walimuuliza nani? Wewe ulikuwapo, wewe ndiwe mato yetu ya kuonea. Andika, mwana wa mamangu. Labda watatupa watu wa kuujenga."

Barua sijaiandika. Nikiandika kwamba hawakuulizwa, nitakuwa nimemsingizia kijana wa watu aliyeuliza kwa adabu. Nikiandika kweli, Bi Mize ataijua, na katika dunia hii hana mwingine wa kumwamini. Na hata nikiungama mbele ya msikiti mzima, waliohama hawatarudi, wala mtama hautasimama. Kila siku anatuma mtu kuniuliza, "Barua imekwenda?" Nami najibu bado.

Enyi wasomaji, nimewashauri wengi maishani mwangu, na hili limenishinda. Nimwambie dada yangu au nife nalo? Nishaurini.

Na wewe uliyesoma, unayesimama kati ya wakubwa na watu wako: nenda leo kwa mkulima mmoja, umuulize ni kazi gani anayoifanya kwa ajili ya konde la jirani yake.