Bweha Waliotoa Mkono wa Idi

Nayasimulia haya mwenyewe kwa sababu Mji wa Kale wote umeshayasikia na kila mmoja ameyatia chumvi yake, na kweli ni kwamba aliyekosa siku ile hakuwa mbwa, wala tumbili, wala yule ngamia wa watu. Ni mimi, mtu mzima wa miaka sabini na mbili.

Mimi na rafiki yangu Mbarak, muuza manukato, tuna desturi yetu ya miaka mingi: Krismasi yeye hunishikia shughuli zangu niende kanisani nile na watoto, na Idi mimi humshikia zake. Idi hii alikuwa ameazima wanyama kwa bwana mmoja wa bara akawapanga viwanjani Makadara, pale watoto wanapokuja na nguo zao mpya: ngamia wa kupanda, tumbili watatu, kobe mkubwa kama karai, na tausi. Wenzake wakamuuliza inakuwaje amwachie mzee kama mimi wanyama wote wale mpaka alasiri, naye akawajibu kwamba kitu kikiwa kwa Kalume yeye hulala usingizi. Neno hilo lilinifikia, nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Sasa binti yangu Kadzo alikuwa amekwenda Voi kikazi, akaniachia mbwa wake wawili, Bungo na Kunazi, aliowaokota Kibarani wakiwa wadogo wa kutosha kiganjani. Ukiwaacha peke yao hulia mpaka mtaa mzima uje mlangoni. Ningeweza kumwambia Mbarak. Lakini nilijua atakataa (yeye ni mtu wa swala tano, na nguo ikiingia mate ya mbwa lazima ioshwe mara saba, moja kwa udongo), kwa hiyo sikumuuliza. Nilijiambia nitakwenda nao Makadara niwafiche tu, na kabla ya alasiri nitakuwa nimewarudisha nyumbani.

Kulikuwa na kizimba kimoja kitupu, kibao chake kimeandikwa BWEHA, maana bweha mwenyewe aliharisha akaachwa kwao. Nikawatia mbwa humo, mlango nikaufunga kwa kipande cha waya, nikaketi mbele kana kwamba sina habari. Haukupita muda akaja mama mmoja wa buibui na wanawe, akasoma kibao, akawatazama wale mbwa kwa makini sana.

"Baba, bweha huvaa mkanda shingoni?"

Nikamwambia ni alama ya serikali. (Nilikuwa karani wa serikali Liwatoni miaka thelathini, najua kusema neno likaonekana lina mhuri.) Mama akaridhika. Kisha mtoto wake akawaonyesha kaimati yake tamu, na Bungo, ambaye Kadzo amemfundisha mambo ya kizungu, akaketi chini vizuri na kutoa mguu wa mbele kupitia nondo.

"Mama, bweha anataka mkono wa Idi!"

Basi, hapo mambo yakanitoka mikononi. Watu wakaacha bembea, wakaacha ngamia, wakaja kuwapa bweha mkono wa Idi, na mimi badala ya kunyamaza nikaanza kutoa maelezo, nikasema wametoka Tsavo, nikasema ni mapacha, nikasema wa aina hii wamebaki wachache, na kadiri watu walivyoniamini ndivyo nilivyozidi kunoga, hata nikasahau saa.

Kizimba kilichopakana nacho kilikuwa cha tumbili. Nao tumbili walikuwa wameona kaimati zote zinakwenda upande mmoja, na nadhani iliwauma. Mmoja akapenyeza mkono taratibu, akaushika ule waya wangu, akaufungua kwa ustadi kuliko nilivyoufunga.

Mbwa wakatoka. Kunazi akamwendea tausi, tausi akaruka juu ya paa la kibanda cha muuza juisi na kupiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Bungo akambwekea ngamia, na ngamia, aliyekuwa amepiga magoti na watoto watatu mgongoni, akainuka akaondoka zake kwa mwendo wa heshima kuelekea meza ya kaimati, watoto wakishangilia, mwenye meza akimwomba apite upande wa pili. Kobe peke yake ndiye aliyebaki kazini. Na bweha anayebweka namna ile, jamani, hata mtoto mchanga anajua ni nini.

Katikati ya hayo akaingia Mbarak, kanzu yake mpya inang'aa, nyuma yake wakwe wa binti yake aliowaalika. Bungo akamwona mtu aliyevaa nyeupe pee, akampenda, akamrukia. Matope kifuani, mate mkononi mpaka kiwiko.

Mbarak hakupandisha sauti. "Kalume, huyu ni mnyama gani?"

Niliona njia mbili. Kibao bado kilikuwa pale na wengine walikuwa bado wanataka kuniamini. Lakini yule aliyeniuliza ni Mbarak.

"Ni mbwa, Mbarak. Wa Kadzo. Nimewaleta mimi, na nilijua hutaki."

Akaukung'uta mkono uliolowa. "Yakhe, watu wamenipa habari njiani, nami njia nzima nawasifia wageni wangu kwamba nina bweha wanaotoa mkono."

Mama mkwe wa binti yake ndiye aliyeanza kucheka, kisha uwanja wote. Nikaletewa ndoo na udongo, Mbarak akajifunga shuka akanawa mkono wake pembeni, na mimi nikachuchumaa mbele ya umati kufua ile kanzu huku watoto wakihesabu kwa sauti, na nilipofika ya nne wakasema nimeruka moja, nikaanza upya.

Alinisamehe jioni ile ile, akanipakulia pilau kwa mkono wake. Kisha akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba Idi ijayo nije kama mgeni tu, nile, nistarehe. Wanyama atawatafutia mtu mwingine. Ile pilau ilikuwa tamu, nikaiacha nusu.

Siku hizi nikitaka jambo ambalo najua nitakataliwa, naliuliza mapema, tena wakati wa kahawa, mbele ya watu, nikataliwe vizuri.