Jina Lililoitwa Penye Maporomoko

"Ni wewe uliyewatuma, mama! Mvua yote ile, na wewe wataka ukindu!"

"Niliwatuma bondeni, si kwenye maporomoko. Na niliwausia."

"Uliwausia nini? Mambo yako ya majini?"

"Adabu ya maji, mkaza mwanangu."

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mama na bibi mzaa baba waligombana hivyo uani kwetu, huku vilimani juu ya Kombani. Mdogo wangu Mejumaa alikuwa amelala jamvini, mguu umefungwa vijiti. Mimi nilijibanza nyuma ya pipa la maji. Nilikuwa na neno moja la kuumaliza ugomvi ule, na sikulisema.

Bibi alikuwa akisuka mikeka, na ukindu wa kusukia ulikuwa umemwishia. Siku hiyo, kabla hatujatoka, alitushika mabega. "Mkisikia maporomoko yananguruma, msiyafuate. Na penye maji yale mtu haitwi jina. Maji yakishalijua, yatakuita." Ndivyo wazee walivyolelewa: karibu na maporomoko huitana kwa mbinja.

Lakini masika yalikuwa yamemwaga usiku kucha, na ngurumo tuliisikia tangu njiani. Mimi ndiye niliyesema twende tukatazame kidogo tu. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yanarusha moshi hadi juu ya miti. Mejumaa akapanda jiwe lenye ukoga, akicheka. Nilijaribu kupiga mbinja, midomo ikanikauka, ukatoka upepo mtupu. Nikapiga ukelele: "Mejumaa, rudi!"

Akageuka kunitazama. Hapo ndipo alipoteleza. Aliangukia mawe ya kando, si mkondoni, na ndiyo sababu nina mdogo hadi leo.

"Nani aliyeita jina?" bibi aliuliza tulipofika nyumbani. Nikatazama chini. Mejumaa akajibu kwa kilio: "Nilisikia sauti, bibi. Ilisema, Mejumaa, rudi." Mama akasema bibi amemtia mtoto wazimu. Majirani wakasema maji yamemwita. Nami nikayaachia maji mzigo wangu, kwa kuwa maji hayana mdomo wa kujitetea.

Sasa nina miaka kumi na saba. Shule niliiacha Gredi ya Nane, mama alipougua. Mejumaa anachechemea, na mtoni hakanyagi. Aogopa kuitwa tena. Maji ya nyumba nzima nachota mimi. Nikiinama kujaza ndoo huwaza kwamba pengine katazo la bibi halikuwa la majini hata kidogo: anayeitwa jina hugeuka, na juu ya ukoga mtu hageuki. Siku nyingine, mvua ikipiga, naamini kila neno lake. Vyovyote viwavyo, mdomo ulioita ni wangu, na ulionyamaza ni huohuo.

Asubuhi ya pili baada ya ugomvi ule, bibi alifunga leso zake aende kwa ami yangu, kule Majoreni. Hakurudi tena kukaa nasi. Mama hakutoka kumuaga. Mimi nilimbebea mkeka wake ambao haujaisha hadi mlangoni, nikasema, "Bibi, yale maji…"

Aliupokea mkeka, akaniwekea mkono kichwani, akasema polepole mama asisikie:

"Maji hayamwambii mtu arudi, mjukuu wangu. Maji husema njoo."