Gundi Niliyomsingizia Fundi Barasa

Nilimsingizia mzee wa watu mbele ya duka zima, kisha nikarudia. Kosa ni langu. Na msidhani sikujua nilichokuwa nikifanya. Ningekuwa mjinga, angalau ningekuwa na la kujitetea!

Nilirudi kutoka Uingereza mwaka wa themanini na sita nikiwa na diploma ya ubunifu wa mavazi. Hakuna aliyenisomesha! Niliosha sahani hotelini, nikapiga deki ofisi za watu, nikajilipia mwenyewe. Miaka miwili baadaye nilikuwa na duka langu la suti katikati ya jiji la Nairobi, hatua chache kutoka Biashara Street, na wateja matajiri wa Lavington wakiegesha magari yao nje.

Fundi wangu mkuu alikuwa Barasa, mzee wa Bungoma aliyejifunza kushona kwa Wahindi tangu ujana wake. Kifuani mwa koti aliweka kitambaa kigumu cha ndani, akakishikiza kwa sindano na uzi, siku mbili nzima. Ndani ya mishono aliacha inchi mbili za ziada, ili mwenye koti akinenepa lifunguliwe, na akifa mwanawe alivae.

Mimi nikaona ananichelewesha. Nikaleta kitambaa chenye gundi, kile kinachobandikwa kwa pasi dakika moja kikawa tayari. Na ile ziada ya ndani nikaamuru ikatwe.

"Madam," akasema Barasa, "hii gundi itashika mwaka mmoja, miwili. Halafu?"

"Halafu atanunua ingine, mzee! Hiyo ndiyo fasheni."

"Kumbe huko ng'ambo mlikuwa mnasomea kubandika?"

Mafundi wengine wakacheka. Nikapandisha sauti. "Hapa nani ana diploma, wewe ama mimi?"

Akabandika. Na kibao changu dirishani kikaendelea kusema suti zote zimeshonwa kwa mkono, kwa bei ile ile ya juu. Aibu!

Mteja wangu mkubwa alikuwa Bwana Mehta, mfanyabiashara wa Westlands. Nilimuuzia suti ya kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Siku hiyo akanyeshewa akipokea wageni langoni. Jumamosi iliyofuata akaja dukani, akalitupa koti juu ya meza. Gundi ilikuwa imeachia, kifua chote kimevimba malengelenge.

"Madam, nimepigwa picha mbele ya wageni mia tatu na kifua kama cha chura! Uliniambia imeshonwa kwa mkono. Mkono wa nani?"

Duka lilikuwa limejaa. Wote wakanitazama. Ningesema ni amri yangu, yangeishia hapo.

Nikamnyooshea Barasa kidole. "Ni huyu mzee. Amechoka siku hizi, anatafuta njia ya mkato. Mimi sikujua."

Mehta akageuka polepole. "Barasa? Si wewe ulinishonea ya harusi yangu mwenyewe? Hiyo mpaka leo navaa! Sasa umenifanyia hii?"

Barasa alinigeukia mimi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Madam, sema tena. Sema ukiniangalia."

Mungu wangu, nilisema tena! Nilimwangalia machoni, nikasema, kisha nikamfukuza kazi papo hapo.

Wenye maduka ya mtaa ule wanajuana. Hakuna duka la suti lililompokea tena.

Mimi sikufilisika, mimi si mtu wa kufilisika. Lakini makoti yalianza kurudi moja moja, yamevimba vilevile, na kila moja nikasema ni kazi ya yule mzee. Hatimaye niliitupa gundi. Nikahamia Lavington, nikarudi kwenye sindano na zile inchi mbili. Leo wateja husema suti zangu hazizeeki. Wakisifu, natafuta pa kuweka uso, maana wanachosifu ni kazi ya Barasa.

Nilimkuta Kenyatta Market siku niliyoenda kusukwa nywele. Alikuwa kwenye kibanda kando ya wachoma nyama, na cherehani moja, akipunguza suruali za mitumba.

"Madam! Umenenepa," akasema. "Umeleta nguo nikufungulie?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, mzee. Rudi kazini."

"Nirudi kama nani? Mzee wa gundi?" Akasimamisha cherehani. "Ulinichafua ukipiga kelele. Sasa unakuja kunisafisha kwa kunong'ona, huku kwenye moshi wa nyama? Enda kwa Mehta, umwambie. Hata mke wangu huniuliza kama kweli nilimbandikia yule mtu suti. Hayo mengine sitaki."

Nikaenda. Jumapili hiyo hiyo niliendesha gari hadi Westlands. Mehta akanikaribisha vizuri, mkewe akaleta chai na bajia.

"Habari za siku nyingi, Madam. Leo kuna nini?"

Maneno yalikuwa hapa, mdomoni. Nikasema nilikuwa napita tu. Nikanywa chai, nikala bajia, nikaondoka na vipimo vya suti yake mpya!

Ni miaka mitatu sasa. Mehta yuko, Barasa yuko, mimi niko, na kati yetu ni safari ya nusu saa.

Basi nasema hapa gazetini: gundi ilikuwa yangu, amri ilikuwa yangu, uongo ulikuwa wangu. Barasa alinikataza. Jina lake nimeliandika. Langu limenishinda.

Nyinyi mnaoishi kwa mikono ya mafundi, mkimchafulia mtu jina mbele ya watu, msafisheni siku hiyo hiyo, watu wale wale wakiwa bado wamesimama hapo. Msingoje mpate ujasiri. Mimi nilingoja, na tazameni nilipofika: Bwana Mehta hasomi magazeti ya Kiswahili, na nilipochukua kalamu kuandika haya, hilo nililijua.